Mvumi si Wembley, acheni kununua njumu za runinga

Leo siandiki habari za Simba na Yanga. Usajili utaendelea na marefa watalaumiwa tu, hata nikinyamaza. Leo naandika habari ya kiatu.

Nenda mnadani, pita kwa wauza viatu vya mtumba, simama dakika kumi tu uangalie vijana wanavyochagua njumu. Kijana anaokota kiatu, anaangalia rangi. Kama ni ya waridi au kijani kile cha kuumiza macho, tayari ana alama mbili. Kisha anaangalia jina ubavuni. Halafu anauliza, "Hizi si ndizo anavaa Mbappé?" Muuzaji, ambaye hata ukimtajia Pelé atakubali, anasema ndizo zenyewe. Kijana anapunguziwa buku mbili, analipa, anaondoka anatabasamu.

Kitu kimoja hakufanya. Hakukigeuza kile kiatu akaangalia chini.

Na chini ndiko kuna kesi yote. Mimi nimeangalia mechi za mchangani kwenye viwanja vya kanda hii miaka mingi, na nasema bila kupepesa macho: vijana wetu wengi wanaotoka uwanjani wakichechemea hawajaumizwa na beki. Wameumizwa na kiatu walichonunua wenyewe, kwa hela ya kuuza kuku au ya kibarua cha kulima.

Tuanze na uwanja, maana huwezi kuzungumzia kiatu bila kujua kitakanyaga wapi. Ukitoka Dodoma mjini kuelekea kusini mashariki, kilomita kama 40, ndiyo Mvumi. Mvua huku ina msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Wazee wanakumbuka mwaka 1986, serikali kupitia mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, ilipoondoa mifugo katika tarafa ya Mvumi ili ardhi ipumzike, kwa sababu makorongo yalikuwa yanakula mashamba. Sasa, ardhi ambayo ilihitaji operesheni ya serikali ili iote majani porini, wewe unategemea iote nyasi kwenye eneo la penalti?

Haioti. Kinachokuwepo ni hivi: juu kuna tabaka jembamba la mchanga na vumbi, chini yake udongo uliokauka ukagandamana mpaka ukawa kama sakafu ya saruji. Katikati ya goli kuna shimo walilochimba makipa kwa miguu yao. Pembeni kuna mbigili na miiba ya migunga. Mwezi wa nane, saa kumi jioni, mpira ukidunda pale unaruka kama wa tenisi. Huo ndio uwanja wetu, na ndiko ndondo zote zinakochezwa, kwa sababu ndondo huanza watu wakishavuna, wakati ardhi imeshakauka kabisa.

Sasa kazi ya meno ya njumu ni nini? Ni kuzama. Jino linaingia kwenye ardhi laini, mguu unapata mahali pa kujishika, mchezaji anageuka bila kuteleza. Unyayo wote wa kiatu unakaa juu ya nyasi, na uzito wa mwili unagawanyika vizuri. Ndivyo kiatu kilivyopangwa kifanye kazi.

Kipeleke kiatu hichohicho Mvumi mwezi wa nane. Jino halizami. Linagonga ule udongo na kusimama. Kwa hiyo kijana wa kilo 60 anakimbia akiwa amesimama juu ya vigingi sita, kumi au kumi na viwili, kama mtu aliyepanda juu ya misumari. Uzito wote unapita kwenye vile vidoa vichache, na vile vidoa vinasukuma nyayo kutoka chini. Muulize mchezaji yeyote wa mchangani aliyecheza dakika tisini na njumu za meno marefu kwenye udongo mkavu, atakuambia nyayo zilikuwa zinawaka moto. Zaidi ya hapo, akiwa juu ya vigingi, kifundo cha mguu kinayumba. Akikanyaga kijiwe au ukingo wa lile shimo la goli, enka imeondoka.

Kwa watoto ni mbaya zaidi. Mtoto wa miaka kati ya minane na kumi na nne, mfupa wake wa kisigino bado una sehemu laini inayokua. Kisigino hicho kikipigwapigwa na meno magumu kwenye ardhi ngumu kila jioni, kinauma, na mtoto anaanza kukimbilia vidole. Kocha anamwambia "acha uvivu". Si uvivu bana, ni kiatu.

Halafu kuna yale meno marefu bapa, ya mtindo wa visu, ambayo ndiyo yanapendwa kwa sababu yanaonekana makali. Yenyewe yana balaa lake kwa wale wetu wanaobahatika kwenda kucheza kwenye nyasi bandia, kama Kaitaba kule Bukoba au Nyamagana pale Mwanza. Kwenye nyasi bandia jino la namna hiyo linaweza kushika kupita kiasi. Mguu unabaki umefungwa chini, mwili unageuka, na kinachozunguka katikati ni goti. Daktari ndiye anayemalizia hadithi hiyo. Kijana wa mjini aliyesajiliwa na timu kubwa atapelekwa hospitali atengenezwe goti arudi. Kijana wa Mvumi likimtoka goti, mpira umeishia hapo, na jembe nalo atalishika kwa shida.

Nitawapeleka mbali kidogo, mpaka kwenye theluji, ila nitawarudisha. Kuna watu Ulaya na Marekani wanacheza sarakasi kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni kutelezea juu ya theluji. Wanatengenezewa viwanja maalumu milimani, vyenye vilima vya kurukia na mabomba ya chuma ya kupita juu yake, na mchezo huo uliingia Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2014, Sochi, Urusi. Mtu anaruka, anazunguka hewani mara tatu, anatua akiwa anakwenda kinyumenyume. Usifikiri anavaa skii yoyote anayoiona dukani. Ya kwake imekunjwa juu pande zote mbili, mbele na nyuma, ili akitua kinyumenyume isichimbe theluji. Hiyo ilianza kutamba mwaka 1998 Salomon walipotoa skii waliyoiita Teneighty, kwa ushauri wa vijana wa Canada. Anayependa mabomba anachagua skii laini inayopinda. Anayependa kuruka juu anachagua ngumu inayohimili kishindo.

Lakini kilichonifurahisha mimi ni jambo jingine. Skii ina ukingo wa chuma uliochongwa makali ili ishike theluji ngumu. Hawa wa sarakasi wanachukua tupa na kuyaua yale makali kwa makusudi, hasa pale katikati chini ya mguu, kwa sababu ukingo mkali ukinasa kwenye bomba la chuma, mtu anaruka kichwa chini. Na kile kifaa kinachofunga buti kwenye skii kina skrubu ya kurekebisha ili ukianguka vibaya, buti lichomoke lenyewe mguu usivunjike. Yaani watu hawa wanalipia vifaa vinavyoshika kidogo na vinavyoachia mapema. Wameelewa kwamba kushika sana ni hatari kama kuteleza sana, na kwamba anayeamua ni ardhi, akifuatiwa na kazi unayotaka kuifanya juu yake.

Na msidhani theluji haituhusu sisi wa Afrika Mashariki. Philip Boit, Mkenya, mkimbiaji wa mita 800, alikwenda Finland mwaka 1996 kujifunza skii akiwa hajawahi kuona theluji. Mwaka 1998 aliteleza kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri pale mwisho ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Skii alizovaa siku ile zilikuwa za mbio ndefu, nyembamba na nyepesi. Ungempandisha nazo kwenye vilima vya sarakasi angevunjika shingo kwenye kilima cha kwanza, na hakuna mtu ambaye angesema Boit ni mzembe. Wangeuliza nani alimpa skii hizo.

Sisi mbona hatuulizi nani alimpa kijana njumu zile?

Historia yenyewe ya meno marefu ingetosha kutufundisha. Fainali ya Kombe la Dunia 1954, Bern, Uswisi, Ujerumani Magharibi dhidi ya Hungary ya akina Puskás. Mvua ikanyesha, uwanja ukawa tope. Wajerumani walikuwa na viatu vya Adi Dassler, mwenye Adidas, ambavyo meno yake yalifungwa kwa skrubu, kwa hiyo wakaweka marefu ya kufaa tope. Walikuwa nyuma 2-0, wakashinda 3-2. Kuna mengi yaliyoamua mechi ile, lakini kiatu kile kikawa hadithi ya dunia nzima, na tangu hapo mtoto wa mpira anaamini kwamba jino refu ni la ushindi. Ni la ushindi kwenye tope la Bern! Dassler aliangalia hali ya uwanja wa siku ile akafunga meno yanayolingana nayo. Sisi tumechukua meno tukaacha akili iliyoyafunga.

Basi tuongee ununuzi. Ukigeuza kiatu, au ukiangalia lebo ndogo ndani ya ulimi, mara nyingi utakuta herufi mbili. Watu wengi wanadhani ni sehemu ya jina. Herufi hizo zinakuambia kiatu kimetengenezwa kwa uwanja gani. SG ni cha ardhi laini yenye maji, mara nyingi kina meno sita au zaidi ya chuma, ya kufunga kwa skrubu. Hicho Mvumi usikiguse hata ukipewa bure, labda ung'oe meno uuze chuma chakavu. FG ni cha nyasi za kawaida zilizotunzwa, meno ya plastiki yaliyoshikana na soli. Ndicho kilichojaa minadani, kwa sababu ndicho wanachovaa wazungu wengi kabla hakijawa mtumba. AG ni cha nyasi bandia, meno mengi mafupi. TF kina vipele vingi vya mpira, vifupi, vimetapakaa soli nzima. Na kuna HG, ambacho ni cha ardhi ngumu.

Hicho cha HG ndugu zangu kina kisa. Japani shule nyingi wanacheza mpira kwenye viwanja vya udongo, havina nyasi kama vya kwetu, ila wao wanavifagia. Kampuni za viatu zikaona soko, zikawatengenezea watoto wa Kijapani njumu zenye meno mafupi, manene, magumu kuisha, kwa ajili ya udongo. Yaani mtoto wa taifa tajiri, anayetoka kwao kwenye treni ya umeme, anavaa kiatu cha udongo bila kuona haya kwa sababu anacheza kwenye udongo. Sisi wenye udongo wetu tunavaa cha nyasi za Wembley.

Kwa Mvumi chaguo langu la kwanza ni TF. Vile vipele vya mpira vinagawanya uzito nyayo nzima, vinanyonya kishindo, na kwenye ule mchanga wa juu vinateleza kidogo. Najua mtaniambia "si ndiyo tatizo hilo, vinateleza". Kuteleza kidogo ndiko kunakookoa goti. Winga mzuri anajifunza kugeuka kwa hatua mbili fupi badala ya kupigilia mguu mmoja chini kama kigingi cha hema. Ukipata HG, chukua bila kubishana sana na muuzaji. AG nacho kinafaa, ila meno yake mara nyingi ni laini na yana uwazi ndani, udongo wetu utayalamba upesi. Na kama kilichopo ni FG tu, basi tafuta chenye meno mengi, mafupi na ya mviringo, uachane na visu. Ile Copa Mundial ya Adidas, mfano, ina meno kumi na mawili ya mviringo, na ngozi yake inatanuka kufuata mguu. Ni kiatu cha wazee, cheusi, vijana hawakitaki, na kwa sababu hiyo mnadani unaweza kukipata kwa bei ya kuongea.

Raba za kawaida nazo, zile ngumu za soli bapa, zinashinda njumu za chuma mara kumi kwenye uwanja mkavu. Nasema hivyo nikijua nitachekwa.

Kuna mambo madogo ambayo yanaharibu hata kiatu sahihi. La kwanza ni saizi. Mzazi anamnunulia mtoto namba mbili zaidi "akue nacho", mtoto anajaza matambara mbele. Mguu unaogelea ndani ya kiatu, kidole gumba kinagonga, kucha inakuwa nyeusi, na enka haina kinga. Bora kiatu kilichochakaa kinachomtosha. La pili, miguu ya watoto waliokua peku ni mipana mbele, na hizi njumu za kisasa za kasi ni nyembamba kama samaki. Usilazimishe. Jaribu ukiwa umevaa soksi za mpira, na ujaribu jioni, mguu ukiwa umetanuka kwa kutembea.

La tatu ni soli. Njumu za siku hizi zimegandishwa kwa gundi, na jua la Dodoma halina urafiki na gundi. Ukiacha kiatu juu ya bati kikauke, baada ya wiki soli inafungua mdomo. Kabla hujakivaa hata mara moja, mpelekee fundi viatu akishone kwa uzi wa nailoni kuzunguka soli yote. Mafundi wetu wanaoshona makatambuga ya tairi wanajua kazi hii kuliko duka lolote la mjini. Nimeona fundi akisaga meno ya njumu za FG yakabaki nusu, kisha akatia vipande vya mpira wa tairi katikati ya meno ili unyayo upate pa kukaa. Kiatu kilikuwa kibaya wa sura, sitaki kudanganya. Lakini kijana alicheza nacho kiungo msimu mzima bila kulalamika nyayo. Yule fundi na wale wanaoua makali ya skii wakikutana leo wataelewana bila mkalimani.

Sasa niende kwa wakubwa, maana kijana peke yake simlaumu sana.

Kuna kamati za ndondo zinaandika kwenye kanuni: "Kila mchezaji lazima awe na njumu." Na nimeshuhudia timu ikikatazwa kuchezesha watoto watatu kwa kuwa walikuwa na raba, eti si vazi la mpira. Walichofanya ni kuazima njumu kwa wenzao waliotoka kucheza mechi ya kwanza, saizi haikujali mtu, wakaingia. Hii sheria imetoka wapi? Sheria namba 4 ya mpira wa miguu, ile inayotumika Mvumi na ndiyo hiyohiyo Madrid, inataja vitu vitano ambavyo mchezaji lazima awe navyo: jezi yenye mikono, bukta, soksi, vikinga ugoko na viatu. Imesema viatu. Haikusema meno, wala idadi yake. Kinachokatazwa ni kuvaa kitu cha hatari. Kwa hiyo mwamuzi akitaka kuifuata sheria sawasawa, wa kumkagua kwa makini ni yule mwenye meno ya chuma yaliyochongoka kwa kusagika kwenye mawe, ambayo yanaweza kumchana mwenzake ugoko. Yule wa raba amwache acheze.

Wengine wataniambia zamani watu walicheza peku na walikuwa hodari. Kweli, Nigeria walizuru Uingereza mwaka 1949 na wengi wao walicheza bila viatu. India kwenye Olimpiki ya London 1948 walicheza na Ufaransa wengi wao wakiwa peku, wakafungwa 2-1 tu, tena walikosa penalti mbili. Heshima kwao. Ila peku ya nyasi za Uingereza si sawa na peku ya mbigili, na mimi sitamwambia mtoto wa mtu avue viatu akanyage miiba ili anifurahishe na hadithi za zamani.

Makocha wana hoja nzito zaidi, na hii naiheshimu. Wanasema: kijana akienda majaribio mjini, au kwenye UMISSETA ngazi ya taifa, atakuta nyasi. Akiwa amezoea vipele vya mpira atateleza mbele ya macho ya wanaochagua, na nafasi ya namna hiyo hairudi. Ni kweli. Lakini tujiulize, kijana anacheza siku ngapi kwenye nyasi na ngapi kwenye udongo? Majaribio ni siku mbili. Udongo ni kila jioni kwa miaka kumi. Timu iwe na jozi nne au tano za FG za saizi tofauti, zikae kwenye gunia la timu, na anayeitwa mjini apewe wiki mbili kabla ili azizoee kwenye kipande chochote chenye majani. Jozi hizohizo zitatumika Januari na Februari, uwanja ukilowa. Hakuna sababu ya kila mtoto kuvaa kiatu cha majaribio mwaka mzima kwa ajili ya safari ambayo wengi wao hawataipata.

Na wafadhili sasa. Kila uchaguzi ukikaribia tunapokea jezi na mipira. Asanteni sana, jezi zina picha nzuri. Safari hii naomba mheshimiwa yeyote, wa chama chochote, kabla hajafungua pochi, aje asimame katikati ya uwanja wa Mvumi Misheni au Mvumi Makulu saa nane mchana, avue kiatu chake cha ofisini akanyage pale kwa dakika moja. Halafu aamue mwenyewe kama timu inahitaji seti ya pili ya jezi au jozi ishirini za viatu vya vipele. Mercurial halisi, mpya, ni bei ya zizi dogo la mbuzi. Kwa hela ya jozi moja ya namna hiyo unaweza kuivalisha safu nzima ya mabeki viatu vya TF vya mtumba, na ukabakiza ya kumlipa fundi.

Duka la vifaa vya michezo mjini nalo lisijifiche. Wauzaji wanajua wateja wao wengi wanatoka vijijini, wanajua viwanja vilivyo, na bado dirishani wameweka SG zenye meno ya fedha yanayong'aa. Ukiuliza TF unaambiwa "hizo za futsal, mzee". Si za futsal. Za futsal zina soli bapa kabisa, za kuchezea ndani. Muuza viatu asiyejua anachouza ni sawa na muuza dawa asiyesoma lebo, tofauti ni kwamba wa viatu hakaguliwi na mtu.

Kwa makipa nina neno moja la nyongeza, kwa sababu huwa wanasahaulika. Kipa wa mchangani anaumia nyonga na viwiko kuliko miguu, na FG au TF kwake haibadilishi sana. Yeye mnunulieni suruali yenye sponji mapajani, na kabla ya kila mechi watu wanne wachukue majembe wafukie lile shimo la golini, wamwagie ndoo mbili za maji, washindilie. Kazi ya robo saa.

Ndondo za mwaka huu zitaanza mazao yakishaingia ghalani. Kamati zinakutana kabla ya hapo kupanga viingilio na kutafuta mbuzi wa zawadi. Zikiwa zimekaa hapohapo zifute ule mstari wa "njumu ni lazima", ziandike "viatu vinavyomtosha mchezaji, bila meno ya chuma", na nakala ibandikwe pale kwa wauza mitumba, juu kabisa ya rundo la njumu za rangi ya waridi.